Madam, Hiyo Sheng Ni Ya Mabuda

Siku ya kwanza klasi nilijiita odijo. Usiku mzima nilikuwa nimepiga hiyo mistari mbele ya kioo ya siz: "Niaje wasee, mimi ndio odijo wenu wa Kiswahili." Nikaona nimewaweza. Klasi ikanyamaza zii. Madogo 58 wa Fomu 2 wakanicheki venye watu hucheki msee amepanda mathree na mbuzi. Alafu dogo mmoja amekaa kwa dirisha, shati imetoka nje upande mmoja, akainua mkono na heshima zake zote.

"Madam, samahani. Hiyo Sheng ni ya mabuda. Fathe ndio husemanga odijo."

"Kwani nyinyi mwalimu mnamuita aje?"

"Mode."

Hapo sasa wakapasuka. Wengine walilala kwa deski wakicheka. Nikageukia ubao nikaandika tarehe, 5/5/2025, polepole kuliko mtu yeyote amewahi kuandika tarehe, ju sikutaka wanione uso.

Wacha nikurudishe nyuma kidogo. Mimi ni mtoto wa Mombasa, Kibokoni, Mji wa Kale. Kampo nasomea ualimu, Kiswahili na Historia, na ukifika mwaka wa tatu lazima uende TP, muhula karibu mzima ukifunza madogo wa wenyewe bure. Kwa wenye hawajui: TP hulipwi. Karo ya kampo inaendelea kuhesabiwa ka kawaida, na nauli ni yako. Kampo inakupea barua, fomu za asesa (yule wa kukam kukupima ukifunza) na maombi. Shule unajitafutia na miguu yako. Mombasa nilizungusha hiyo barua kwa shule saba, zote zikaniambia zimejaa watu wa TP. Siz yangu, binti ya shangazi, huuza mtumba Gikomba. Akanipigia: "Kam Nai. Huku shule ni mob, na kulala utalala kwangu." Jirani yake alikuwa anajua mtu anajua depu wa shule moja ya kutwa hapo Jogoo Road. Barua ikapokelewa siku hiyo hiyo, na hakuna mtu aliisoma.

Mathe akanisindikiza hadi Miritini kupanda SGR. Tiketi ya ikonomi ni 1,500. Kabla ya 2024 ilikuwa thao moja, na mathe hajawahi kusamehe hiyo nyongeza. Akaniwekea mahamri kwa kontena, akanishika mkono. "Ukifika nipigie. Na usipite ndia usoijua, mwanangu." Ndia. Shikilia hiyo neno, tutairudia.

Siz anaishi Umoja, singo moja gorofa ya nne. Kitanda, meko, pazia inagawanya chumba, na magunia mbili za mtumba zenye zilikuwa meza yangu miezi tatu. Maji hukam mara mbili kwa wiki na hukam usiku ka mwizi, so ukiskia ndoo zinagongana saa nane usiku usiogope, amka na mtungi yako. Yakikosa kukam unanunua kwa mkokoteni, mtungi mbao, na unaubeba mwenyewe hadi juu. Nilijifunza kuoga na lita tatu. Nilijifunza pia ati baridi ya Julai ya Nai si hadithi ya watu wa bara kututisha. Mimi nilikuwa nimebeba madira na sweta moja ya kampo.

Kwa luku ndio siz aliniokoa. TP lazima uvae ki-ofisi, hakuna mambo ya jinzi. Gikomba wakifungua beli asubuhi, zile nguo za kwanza kuchaguliwa huitwa kamera, na siz akiona sketi ndefu safi anaikalia hadi jioni. Sketi finje, blauzi soo, mtandio wangu juu yake, na stafu wakadhani natoka kwa watu wako na ganji. Ndula ndio ziliniramba. Zile za kisigino nilinunuliwa na mathe zilivunjika wiki ya kwanza kwa matope ya Mutindwa. Kutoka hapo nilikuwa natembea na raba, nabadilisha kwa kibanda ya soja wa geti. Yule mzee alinifichia viatu muhula mzima na hakuwahi kuniitisha hata ya chai.

Mathree za Umoja ni 35/60. Asubuhi unatoka kejani saa kumi na moja na nusu. Ukichelewa hadi saa kumi na mbili na robo umeisha, Outering imeshika na hakuna mtu anasonga. Siku ya kwanza niliingia nganya moja, taa za bluu ndani, ngoma inapiga hadi meno inatetemeka, na mimi, mtoto nimelelewa na wazee, nikamwambia konda, "Shikamoo."

Akanicheki juu chini. "Shika nini? Shika siti madam, tunabeba!"

Gari yote ikacheka, hadi dere. Tangu hiyo siku shikamoo nimeiwachia simu ya mathe.

Lakini huyo konda alinipea kitu. Nilikuwa nimempea arobaini, akafungua mkono tena: "Ongeza ashara." Nikashtuka. Bibi yangu kule Kibokoni, akihesabu siku za mwezi mwandamo, husema ashara, hidashara, thenashara. Hiyo ni Kiswahili ya tenzi, ya wazee. Kampo tuliisoma ka kitu ya makumbusho. Na hapa kuna chali wa miaka 20 na kitu, nywele ameweka rangi ya machungwa, ananidai nayo nauli ya Jogoo Road. Nikatoa hiyo kumi bila kubisha. Nadhani ndio nauli pekee nimewahi kulipa Nai nikiwa na furaha.

Kutoka hapo nikaanza kuandika maneno ya doo nyuma ya daftari ya maazimio. Kobole ni tano. Ashara, ama ashu ukiwa na haraka, ni kumi. Mbao ishirini, finje hamsini (wengine husema chwani), soo mia, rwabe mia mbili, thao elfu. Mia tano keateka wetu bado huiita jirongo. Nilidhani ni neno ya juzi. Kumbe ni ya Cyrus Jirongo, mwenyekiti wa Youth for KANU '92, ju noti za 500 zilimwagika sana wakati wa hiyo kampeni. Hiyo neno imenishinda miaka kumi na moja. Siz naye alikam Nai 2009, na alifunzwa mji na mama mmoja wa Gikomba mwenye alikuwa huko tangu Moi. Ndio maana alinituma klasi na odijo. Nai hauitishi mtu kitambulisho kujua miaka yake, unangoja tu abonge.

Stafu sasa. Watu wa TP tulikuwa wawili, mimi na chali mmoja wa Hesabu na Kemia mwenye alikuwa anapendwa na kila mtu ju ya hizo masomo zake. Tulipewa kona karibu na mlango. Kiti yangu ilikuwa na miguu tatu na tofali. Depu akanipea Fomu 2 mbili, Historia ya Fomu 3, games Alhamisi, na funguo za maktaba yenye ilikuwa stoo ya viti zimevunjika. "Nyinyi wa TP muna nguvu," akasema, na kuna ukweli hapo, ju walimu wenyewe walikuwa wamechoka hadi ukiwasalimia wanajibu swali lingine. Saa nne ni chai na ndazi. Sitaki kugombana na mtu lakini ile kitu ya Nai si hamri. Haina iliki, haina nazi, ukiivunja ndani kumejaa hewa. Nilikula kila siku.

Hapo kona yetu kulikuwa na mode wa BOM, yaani ameandikwa na bodi ya shule. Alimaliza kampo 2016, Kiswahili na Historia, ile ile yangu. Cheti anayo, namba ya TSC anayo, kazi ya serikali bado anangoja. BOM inamlipa kile wazazi wameweza kuchanga, na ikichelewa imechelewa. Jioni anashika boda. Siku moja nimetoka shule mvua inanyesha, mathree zimepandisha hadi soo, nikamkuta steji ya Donholm na helmeti na ile koti ya manjano. "Madam TP, panda. Leo ni sare." Njiani akanipigia story za internship ya JSS, venye unapewa 20,000 na kabla ifike kwako makato imepita nayo, na bado watu wanaipigania. Mimi nilikuwa nyuma nimeshika kiti, nahesabu. 2016 nilikuwa darasa la saba.

Sikumuuliza kitu. Akanishukisha kwa geti, akaniambia nisisahau kujaza rekodi ya kazi ju asesa hupenda kuanzia hapo.

Ju TP yenyewe, nikuambie ukweli, huishi usiku. Mchana ni kelele na chaki. Usiku ndio unaandika andalio la somo, moja kwa kila kipindi: madhumuni, shughuli za mwalimu, shughuli za mwanafunzi, nyenzo, marejeo, tathmini. Kipindi ni dakika 40 na unazigawa ka mtu anagawa nyama ya mazishi, tano hapa, kumi pale. Siz alidhani naandika katiba. Tokeni zikiisha naandika na tochi ya simu imeegemezwa kwa chupa ya maji. Dishi ni chapo mbili na dondo kwa mama wa kibanda hapo chini, soo, na mwisho wa mwezi akituona hata haulizi, anaandika kwa kadaftari.

Historia ilienda tu. Madogo wa Fomu 3 ni watu wakubwa, wananakili, wanauliza ka iko kwa mtihani, wanalala. Wacha nisikudanganye na hiyo.

Insha ndio ilinikamata. Wiki ya tatu niliwapea Fomu 2 kichwa rahisi, "Safari nisiyoisahau". Nikarudi Umoja na madaftari 58 kwa gunia la siz, nikanunua biro nyekundu. Ukisahihisha Kiswahili Eastlands hiyo biro haimalizi wiki. "Tuliamka mapema ju tulikuwa tunaenda ushago." Nyekundu. "Mathe akatupea doo ya nauli." Nyekundu. "Karao akatusimamisha, konda akampea soo, tukaishia." Nyekundu, nyekundu, na hapo pia nilicheka ju hiyo sentensi imebeba nchi nzima. Saa tano usiku nikafika daftari ya dogo wa dirishani. Akaandika: "Tulipanda ndai ya anko."

Biro ikasimama hewani. Macho yangu, ju ya usingizi, yalikuwa yamesoma ndia.

Ndai ni gari. Ndia ni njia, kwa Kimvita, kwetu. Na nilipokuwa Fomu 2 mimi mwenyewe, Mombasa, niliandika insha nikasema mtu fulani "yuaja" kwa "ndia ya Kibokoni", na mwalimu wetu, mtu mzuri kutoka bara, akazungushia hizo maneno mbili nyekundu, akaandika kando: "Jifunze Kiswahili." Nilienda na hiyo daftari nyumbani. Bibi hajui kusoma hizi herufi zetu za Kizungu, yeye husoma za Kiarabu. Akaniuliza ile nyekundu ni nini. Nikamwambia mwalimu amefurahia.

Kampo ndio nilielewa story yenyewe. 1928 kulikuwa na mkutano hapo hapo Mombasa, nyumbani kwetu, wakakaa chini wakachagua Kiunguja kiwe ndio msingi wa Kiswahili sanifu. Kimvita kikawekwa kando kwake mwenyewe. 1930 kamati ya kusimamia hiyo lugha ikaanza kazi, vitabu vikafuata, na mwisho wa hiyo laini ndefu kuna mimi na daftari, mwenye lugha anaambiwa ajifunze lugha. Sasa niko Umoja, gorofa ya nne, nimekalia gunia, biro ni yangu.

Sikuiacha hiyo ndai ipite. Usinielewe vibaya, mimi si wa hiyo mbogi ya kusema Sheng iingie kwa mtihani. Karatasi ya insha ya KCSE ni alama 40 na mwenye atasahihisha hajui dogo wangu, hajui anko wake, ataona ndai na atakata. Lakini sikuweza kuandika "kosa". Nilikaa nayo kwa muda. Mwishowe nikazungusha, na kando nikaandika "steji". Yaani hii neno iko sawa, ishukishe hapo steji, usiingie nayo hapa. Nikarudia madaftari zote 57 zingine nikiweka steji, steji, steji. Saa nane maji ikakam, nikaamka kwenda kujaza mitungi.

Kesho yake nikawaeleza. Nikawaambia ndia, nikawaambia yuaja, nikawaambia bibi na ashara yake. Dogo wa dirishani akauliza, "So bibi yako anabonga Sheng?" Nikamwambia hapana, konda ndio anabonga Kiswahili ya bibi. Hiyo iliwashika wiki nzima. Walikuwa wananiletea maneno asubuhi kabla ya paredi, wengine wakiyatunga hapo hapo kunijaribu. Wa Kayole wakagombana na wa Buru juu ya neno ya chapati. Dem mmoja mnyamavu wa safu ya kwanza akaniambia chini chini ati wasichana wako na yao, yenye maboyz hawajui, na hakunifunza hata moja. Alikuwa sawa.

Kuhusu kiboko: waliniuliza, lazima waulize. "Madam, kwani wewe huchapi?" Nikawaambia kiboko shuleni ilipigwa marufuku 2001, kabla nizaliwe. "Kuna mamode hawajaambiwa," mmoja akasema nyuma. Sikupata jibu ya hiyo, na bado sina.

Julai ikafika. Tarehe 7 ni Siku ya Kiswahili Duniani, UNESCO waliipitisha Novemba 2021, na walichagua hiyo tarehe ju 7/7/1954 ndio TANU ilizaliwa, chama chenye Nyerere alikitumia kuifanya Kiswahili lugha ya kupigania uhuru. Nilikuwa nimepanga makubwa. Mashairi, vitendawili, mahamri nitapika mimi mwenyewe kwa meko ya siz. Nikasahau ati Kenya hiyo tarehe iko na jina ingine. Saba Saba 1990, watu walitaka kukutana Kamukunji kudai vyama vingi, na Kamukunji si mbali na hiyo shule.

Asubuhi ya Jumatatu hiyo, 2025, barabara za kuingia tao zilikuwa zimezibwa na karao kutoka alfajiri. Hakuna mathree. Nikatembea kutoka Umoja na kontena ya mahamri chini ya koti, saa na nusu, maduka yote yamefungwa, Jogoo Road imelala hadi unaskia ndege. Nilikuwa nimewahi kuiona hiyo barabara bila gari? Hapana. Klasi walikuwa kumi na mmoja. Prinsi akatuambia tukae ndani hadi ajue form.

So tukakaa. Niliweka mahamri juu ya deski moja, wakayaangalia ka wageni. "Madam, hizi ndazi mbona zinanukia?" Nikawapigia story ya hizo Saba Saba mbili, ya 1954 na ya 1990. Dogo wa dirishani, mdomo imejaa, akasema: "Kumbe leo ni besdei ya Kiswahili, na karao ndio wameleta mishumaa." Kwa mbali tulikuwa tunaskia milio, na moshi ilionekana upande wa mjini. Tukacheka. Alafu dem wa safu ya kwanza akasema broo yake ametoka tangu saa kumi na moja na simu haishiki, na hiyo kicheko ikafa. Hatukusoma shairi. Walirudi makwao kabla ya saa sita, kwa makundi, nikasimama getini na soja nikihesabu. Broo alirudi jioni. Kuna wengine jijini hawakurudi. Usiku habari zikaanza kuingia na siz akazima redio.

Asesa alikam wiki iliyofuata, Jumatano, kipindi cha pili. Hawapigi simu. Unageuka tu kutoka kwa ubao unapata mzee wa koti ya kijivu amekaa deski ya mwisho, mkoba wa ngozi kwa magoti, kalamu iko tayari.

Mada ilikuwa isimujamii, sajili ya matatu. Kwa KCSE isimujamii huwa alama 10 kwa karatasi ya pili, na hizo ni alama madogo wa Eastlands wanafaa kuokota ka mahindi imemwagika, lakini huwa wanazipoteza ju hawajui majina: utohozi, misimu, kuchanganya ndimi. Wanaifanya siku nzima, hawajui inaitwaje. Nilikuwa nimepanga madeski mistari miwili na njia katikati. Dogo wa dirishani ndio konda. Nilikuwa nimemwambia adumishe heshima. Akasimama mlangoni, mguu moja ndani moja nje, akagonga mlango mara mbili.

"Tao finje tao finje! Mbili ya mwisho inaenda! Madam songa na bibi, hiyo ni ya watatu!"

Klasi ikawaka. Wengine wanaandika, wengine ni abiria, mmoja analalamika ngoma iko juu, mwingine anaitisha chenji yake ya ashara. Mimi niko ubaoni naweka mifano chini ya majina. Nilipogeuka, roho ilinitoka. Konda wangu alikuwa amefika deski ya mwisho. Alikuwa amesimama juu ya asesa, vidole amekunja ka ameshika manoti.

"Mzee wa koti, nauli."

Hakuna mtu alipumua. Asesa akainua uso, akatoa miwani.

"Nimelipa kwa mlango," akasema.

Sijawahi skia klasi ikipiga kelele ka hiyo. Hadi depu alikuja kuchungulia.

Nikadhani nimepita. Tukaenda chini ya mti, akafungua fomu yake, na hapo hakuna kucheka tena. "Utangulizi umeupangia dakika tano, umetumia kumi na nne. Maandishi yako ubaoni yanashuka kama ngazi. Hitimisho halikuwepo, kengele ndiyo iliyohitimisha. Na kwa muda wote niliokaa humo darasani umewauliza maswali wavulana tisa na msichana mmoja." Hiyo ya mwisho iliniuma ju ilikuwa kweli. Yule dem wa safu ya kwanza alikuwa amepanga kuwa mpiga debe, nikamsahau. Alafu akachukua madaftari mawili, akafungua, akafungua tena.

"Hii 'steji' ni alama gani?"

Nikamweleza. Nilimweleza vibaya, nimechanganya 1928 na bibi na konda wa nywele ya machungwa. Akaniskiza hadi mwisho. Akauliza kwetu ni wapi. Nikasema Kibokoni. Akaandika kitu kirefu kwa ile nafasi ya maoni, akakunja, nikaweka sahihi bila kusoma ju mikono ilikuwa inatetemeka. Nilisoma kwa mathree. Alama 66. Maoni: "Alama za kusahihishia ziwe zile zinazotambulika. Wazo lenyewe aliendeleze."

Wiki ya mwisho wakafanya mtihani. Insha ya dogo wa dirishani ilikuwa safi, nilitafuta ndai sikupata, nikatafuta doo, nikatafuta ju, hakuna. Ukurasa wa pili, mstari wa nne, akawa ameandika: "Mzee yule alipita ndia ya nyuma." Alikuwa amepiga mstari chini yake na rula, ndio nisikose kuiona.

Nikamtoa nusu alama. Kando nikaandika: steji.

Shule zikafungwa Agosti, nikarudi Mombasa na gunia moja ya sketi. Sasa ka unakam TP Nai, niskize. Beba sweta mbili na raba. Mfanye soja wa geti rafiki siku ya kwanza. Usinunue biro nyekundu moja, nunua pakiti. Wasichana wa mbele waulize maswali kabla asesa akuulize wewe. Fomu 2 usitafute, hakuna tena: hao wangu waliingia Fomu 1 mwaka wa 2024, wakiwa ndio wa mwisho wa 8-4-4, wanafanya KCSE 2027, na nyuma yao kunakuja Gredi 10. Na ukisimama mbele ya klasi, hata ka ni siz yako amekufunza, usijiite odijo.